Kung'oa nywele na kushindwa kuacha: mwongozo kamili kwa sisi wa Arusha na Moshi (na mama zetu)

Hii ni kwa wewe ambaye ukitulia tu mkono unapanda wenyewe kichwani, unapapasa, unaruka nywele laini unatafuta ule unywele mmoja mgumu uliojikunja, ukiupata unauzungusha kati ya kidole gumba na cha shahada, unauvuta, unauangalia mzizi wake mweupe, wengine tunaupitisha mdomoni kidogo, alafu mkono huo unarudi kutafuta mwingine, na ukija kushtuka lisaa limekata na kwenye shuka kuna kibunda cha nywele unatafuta pa kukificha. Wengine sio kichwa, ni kope, nyusi, ndevu, miguu, hata sehemu za siri. Jambo ni lile lile.

Hospitali utasikia trikotilomania, na sio jina la jana, daktari wa ngozi wa Ufaransa François Henri Hallopeau ndo alilitoa mwaka 1889. Saivi wataalamu wanaiweka karibu na ile hali ya mtu kunawa mikono mara hamsini au kurudi kuhakiki kitasa usiku kucha, familia moja na kula kucha mpaka damu na kuchokonoa ngozi. Makadirio yanayotajwa sana ni mtu 1 mpaka 2 kati ya kila 100, kwaio kama shule ina watoto 800 kuna 8 mpaka 16 hivi ambao wanaijua au watakuja kuijua hii kitu, na kila mmoja anadhani yuko peke yake dunia nzima. Mara nyingi inaanza kati ya miaka 10 na 13. Huku kwetu nywele zikionekana chini swali la kwanza ni nani kaziokota na kazipeleka wapi, ndo mana watu wanazichoma au wanazifukia, na ndo mana binti akianza kutoka kipara utosini wa kwanza kuitwa sio daktari. Hapa hamna mtu kakuchezea. Mkono ni wako, na kwa maoni yangu hiyo ni habari njema, mana mkono wako unaweza kuufundisha.

Kingine ntakisema mapema ili tusipotezeane muda: usianze na kuacha. Najua ndo ulichokuja kutafuta. Lakini wanaoanza kwa kuapa "kuanzia kesho sing'oi tena" wanafika Jumatano, wanaanguka, wanajichukia, na kujichukia kwenyewe kunarudisha mkono kichwani. Anza na kuujua mkono wako unaendaga wapi na saa ngapi, kisha uwekee vizuizi, kisha upe kazi nyingine. Kuacha kunakuja nyuma ya hayo, na kwa wengi kunakuja kwa awamu, sio siku moja.

Kabla ya yote: hakikisha ni hiyo kweli

Kipara kina sababu nyingi. Mapunye yanakuja na magamba na kuwasha, hasa kwa watoto, na ni fangasi, yana dawa yake ya kumeza. Kuna kile kipara cha duara safi, laini kabisa, kinachotokea chenyewe bila kuwasha, hicho ni kinga ya mwili inashambulia nywele. Alafu kuna nywele za mbele na za pembeni zinazoisha kwa kusuka rasta za kukaza miaka na miaka, hiyo wadada tunaijua. Eneo la kung'oa lina sura yake: mpaka haueleweki, na ukiangalia kwa karibu unakuta nywele za urefu tofauti tofauti, zingine ndo zinachipua, zingine zimekatikia katikati, zingine ziko salama kabisa pembeni.

Kama huna uhakika nenda kwa daktari wa ngozi. Watu wa kanda hii tuna bahati, pale hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo kinachofundisha madaktari wa ngozi wa kutoka nchi mbalimbali za Afrika, kipo toka 1992. Ila ukienda sema ukweli. Mtu anakaa mbele ya daktari anasema "zinadondoka tu zenyewe", anaandikiwa dawa ya fangasi, anapaka miezi, hamna kitu, anarudi nyumbani anasema hospitali haisaidii. Sentensi moja inatosha: "Daktari, nazing'oa mwenyewe na nashindwa kuacha." Inauma kuitoa mara ya kwanza, lakini anayeisikia ameshaona makubwa kuliko hayo.

Hatua ya 1: wiki ya kuupeleleza mkono

Chukua kidaftari kidogo au sehemu ya kuandika kwenye simu. Wiki moja, usijizuie chochote, andika tu. Najua inaonekana ujinga kuandika badala ya kuzuia, ila bila hii wiki huko mbele utakuwa unarusha ngumi gizani. Kila ukijikuta unang'oa, au umemaliza kung'oa, andika uko wapi, saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, umekaaje, unajisikiaje, unywele ulioutafuta ulikuwaje, na baada ya kuung'oa uliufanya nini. Sio insha. Inakuwa hivi:

"J3 saa 4 usiku, kitandani, simu mkono wa kushoto, wa kulia utosini. Sina stresi, nimechoka tu. Nyingi."

"J5 mchana, choo cha ofisini, kioo, taa kali. Nyusi. Nimetoka kusemwa na bosi. Nilikuwa natafuta zilizokaa vibaya."

"Alhamisi, kosta ya kutoka Moshi, nimekaa dirishani. Boma Ng'ombe nilikuwa sawa, Usa River nakuta nywele kwenye sketi. Sikumbuki nilianzaje."

Ona tofauti. Ya pili ni ya kujua, unakwenda mwenyewe kiooni, una hasira au wasiwasi au unataka "kusawazisha" kitu, na ukiung'oa unasikia kautulivu fulani. Ya kwanza na ya tatu ni za kutojua, mkono unafanya kazi na akili iko kwenye simu au nje ya dirisha. Karibu kila mtu ana zote mbili ila moja inazidi, na dawa zake sio sawa. Ya kutojua inataka kizuizi kinachokushtua. Ya kujua inataka ushughulike na kile kilichokupeleka kiooni.

Na angalia kiwiko, hiki watu hawakitaji kabisa. Mkono hauendi kichwani ukiwa umening'inia. Unaenda ukiwa na pa kuegemea, ile mikono ya sofa, ukingo wa dirisha la gari, meza ya kusomea, mto. Kiwiko kikishapata pa kukaa, kiganja kinabaki sentimita chache tu kutoka kwenye sikio na hapo shughuli imeanza. Kwenye daftari lako andika kiwiko kilikuwa wapi. Utashangaa.

Hatua ya 2: ifanye iwe kazi ngumu kung'oa

Sasa una ramani. Chukua sehemu mbili tu zinazoongoza, usihangaike na zote.

Kama ni kitandani na simu, simu ichajiwe sebuleni au upande wa pili wa chumba, na ulale umevaa kitu kichwani. Kofia ya satini ya kulalia, kilemba, au mzula, na Arusha mwezi wa sita na wa saba kwa ile baridi hakuna atakayekuuliza kwa nini umelala na mzula. Moshi kuna joto zaidi, chukua kitambaa chepesi cha pamba. Kofia haikuzuii kama umeamua, unaweza kuivua, lakini ile sekunde ya kuivua ndo inakuamsha, na mkono wa kutojua kinachousumbua ni kuamshwa.

Kama ni kioo, badilisha taa. Kweli kabisa, balbu hafifu bafuni inafanya kazi kuliko maombi ya dakika tano mbele ya kioo. Kile kioo kidogo cha kukuza toa ndani ya nyumba, na kibano cha nyusi mpe dada au rafiki akutunzie, usikifiche mwenyewe mana unajua ulipokificha. Ukiingia bafuni weka muda kwenye simu, dakika tano, mlango usifungwe kwa komeo kama nyumba inaruhusu.

Kama ni sofa au meza, hama kiti. Kaa kwenye kigoda au kiti kisicho na mikono. Ndani ya kosta kaa siti ya kati, pakata begi, mikono yote juu ya begi.

Alafu vidole vyenyewe. Zungushia plasta kwenye kidole gumba na cha shahada, ile ncha inayoshika. Unywele unateleza na huusikii ule ugumu unaoupenda. Plasta ni bei ya kawaida tu duka la dawa lolote na ukiulizwa unasema umejikata na kisu. Wanaoshona watatumia kastabini. Kucha zikatwe fupi, ingawa kuna wadada kucha bandia ndefu zimewasaidia zaidi mana zinafanya kushika unywele mmoja mmoja kuwe shida, jaribu uone we uko upande gani. Nyusi na kope paka mafuta ya mgando kidogo jioni, vidole vinateleza. Kichwani pia nywele zenye mafuta ya nazi hazishikiki vizuri kama kavu.

Usiweke vyote siku moja, utajiona mgonjwa ndani ya nyumba yako. Viwili vitatu, wiki mbili, angalia daftari.

Hatua ya 3: upe mkono kazi nyingine

Hii ndo moyo wa tiba yenyewe. Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Nathan Azrin na Gregory Nunn, walitoa njia ya kubadilisha tabia za mwili kwa kuipa misuli kazi ambayo haiwezi kwenda sambamba na ile tabia, na mpaka leo hiyo ndo njia inayotegemewa zaidi kwa kung'oa nywele. Ni rahisi kuielezea, kuifanya ndo kunataka mazoezi.

Unafanya hivi. Chagua kitendo kimoja kinachotimiza masharti haya: mkono hauwezi kung'oa wakati huo huo, unaweza kukifanya popote bila mtu kugeuka kukuangalia, na hakihitaji kifaa ulichosahau nyumbani. Cha kawaida ni kukunja ngumi, dole gumba ndani, mkono chini pembeni ya paja au juu ya meza, unakaza kiasi, sio mpaka uumie, unakaa hivyo dakika moja au zaidi mpaka hamu ilegee. Wengine wanakalia mikono, wengine wanafumbata mikono kifuani vidole vikiwa kwapani, kwenye ibada wanashika kitabu kwa mikono miwili.

Kinachowashinda wengi ni wakati wa kuanza. Wanakunja ngumi unywele ukiwa umeshashikwa, na hapo umechelewa. Unaanza mkono ukipita bega, na ukishazoea unaanza pale kiwiko kinapotafuta pa kuegemea, na ukizoea zaidi unaanza pale unaposikia ule mwasho au ile hali ya kutotulia kabla mkono haujanyanyuka. Ndo mana wiki ya daftari ilikuwa muhimu. Fanya mazoezi ukiwa huna hamu yoyote: nyanyua mkono taratibu kuelekea kichwani, simamisha begani, shusha, kunja ngumi, hesabu. Rudia, asubuhi na jioni. Mkono unajifunza njia mpya ya kurudi chini.

Na hamu yenyewe iangalie ilivyo. Inapanda kama maziwa jikoni, unadhani itamwagika nyumba nzima, lakini ukikaa nayo bila kuilisha inafika juu, inasimama, inashuka yenyewe. Wengi hatujawahi kuiona ikishuka kwa sababu kila mara tumeng'oa ikiwa bado inapanda. Mara ya kwanza ukiishuhudia inashuka, hata kama baada ya dakika kumi ikarudi, umepata ushahidi ambao hakuna mtu angeweza kukupa kwa mdomo.

Kwa saa ndefu, yaani sinema, kikao, kusoma, ngumi haitoshi, mikono inataka kitu cha kuchezea. Hapa tuko sehemu nzuri. Shanga Arusha hazina shida kupata, na kutunga shanga kunataka vidole viwili vile vile vinavyong'oa, kunataka macho, kunataka kuchagua moja moja, yaani ile ladha ya kutafuta unaipata kwa njia ambayo mwisho wake una bangili. Kufuma vitambaa vile vile. Jioni chambua mchele, menya njegere, pukuchua mahindi, nyumba nzima watakushukuru. Ukiwa na mtu wa kumtolea story wakati unamenya, hata bora. Anayependa ule mkwaruzo wa unywele kidoleni abebe brashi ya zamani mfukoni au kipande cha kamba ya katani akizungushe. Na anayepitisha unywele mdomoni au kutafuna mzizi, mdomo nao unataka mbadala wake, jaribu ubuyu, ile mbegu kuinyonya na kuizungusha inachukua muda, au mbegu za maboga unazobangua moja moja.

Hatua ya 4: kichwa chenyewe

Fupi tu. Kama ngozi inawasha mkono utakwenda, kwaio tibu mba, osha nywele kwa ratiba, usiache rasta miezi mitatu kichwani zikianza kuwasha. Vidonda usivichokonoe, vikitoa usaha nenda hospitali. Na zile krimu kali za kwenye vichupa visivyo na jina ambazo mtu anakwambia "zinaotesha nywele", achana nazo, nyingine zinafanya ngozi kuwa nyembamba, na nywele zako hazikuwa na shida ya kuota toka mwanzo.

Hatua ya 5: maneno yanayokupa ruhusa

Kabla mkono haujaenda kichwa kinasema kitu. Sikiliza, mana ni sentensi zile zile kila siku. "Huu mmoja tu." "Huu umekaa vibaya, nikiutoa patakuwa sawa." "Leo ngumu, nastahili." Na ile mbaya kuliko zote: "Nshaharibu, bora nimalizie." Hiyo ya mwisho ndo inageuza nywele tatu kuwa kipara, nawaambia, ningeweza kufuta sentensi moja vichwani mwa watu ningefuta hiyo. Nywele tatu ni nywele tatu. Ukisimama hapo umezuia mia.

Hauhitaji kubishana na hizo sentensi kwa hoja ndefu. Zitaje tu: "haya, ile ya huu mmoja tu imekuja", kunja ngumi, endelea na kazi. Kama kilichokupeleka ni hasira, upweke au madeni, ngumi itakuvusha dakika hizo lakini deni bado lipo, kwaio ongea na mtu, tembea, lala mapema. Kukosa usingizi peke yake kunaongeza kung'oa kwa watu wengi.

Saluni, kinyozi, na kufunika

Hapa ndo penye aibu yetu yote kwaio nitakaa kidogo. Wengi wanakwepa saluni miaka. Wanasukana wenyewe chumbani, wanavaa wigi hata kwa joto la Moshi la mwezi wa pili, upepo ukivuma stendi wanashika kichwa kwa mikono miwili, wanakataa kwenda kuogelea, wanakataa hata mchumba.

Tafuta msusi mmoja, sio saluni kubwa yenye viti kumi na watu wanaosubiri wakiwa hawana cha kuangalia. Nenda asubuhi ya siku ya katikati ya wiki. Kabla hajafungua kilemba mwambie: "Dada, hapa utosini nywele ni chache, tatizo nalijua na nalishughulikia, naomba usikaze na usiniulize mbele za watu." Watakaoguna wapo, lipa kistaarabu usirudi. Lakini wasusi wengi wameshaona vichwa vya kila aina na wanajua kunyamaza kuliko unavyodhani. Ukipata wa hivyo mshike.

Rasta zinafunika vizuri ila zina mitego miwili: uzito wake unavuta nywele ambazo tayari ni dhaifu, na vifundo vyake vinawaita vidole. Kama unasuka, sukia nywele nzima tu, lile eneo liache, na mafundo yawe makubwa na malegevu. Wigi bila gundi, ya kuvaa na kuvua, chini yake kofia ya wigi, ni salama zaidi, na inakuwa kizuizi pia. Kwa nyusi wanja unatosha, nenda kwa mtu akufundishe kuchora kwa vipigo vidogo vidogo badala ya mstari mmoja mnene. Kope za bandia za gundi mimi sizishauri kabisa, siku ya kuzitoa zinaondoka na zako na vidole vinapata sababu ya kurudi pale.

Kunyoa je? Kunasaidia na hakusaidii. Kwa mwanamke wa huku kunyoa sio ajabu, kichwa kifupi ni fasheni, na shule nyingi wasichana wananyoa hata hivyo. Inakupa mapumziko, ngozi inapona, watu wanaona mtindo sio tatizo. Ila mambo mawili yajue. Mkono unaweza kuhamia kwenye nyusi, na zikifika ule urefu wa kushikika hamu inarudi siku hiyo hiyo, kwaio tumia mapumziko hayo kufanya mazoezi ya ngumi, usikae tu ukifurahia. Wanaume mna nafuu ya kinyozi kila wiki, lakini wanaong'oa ndevu mjue ndevu zinazoota kuingia ndani zinawasha na kuita mkono, mwambie kinyozi asinyoe chini kabisa.

Nyumbani: mama, mume, mtoto

Kwa mama anayesoma hii. Kofi la mkono, "acha!" mbele ya wageni, pilipili au shubiri kwenye vidole, kumnyoa mtoto kwa hasira kama adhabu, havifanyi kazi, vinamfundisha tu kung'oa chooni. Mtoto mdogo chini ya miaka mitano anayevuta nywele huku ananyonya kidole mara nyingi anaacha mwenyewe, mshikishe kitambaa au mwanasesere wakati wa kulala, basi. Wa miaka kumi na kuendelea anahitaji mshirika. Mnakubaliana ishara, labda unamgusa bega au unamwambia "mwanangu, niletee maji", na yeye anajua mana yake ni mkono. Sio kila dakika. Ukimwona hajang'oa jioni nzima msifie kwa alichofanya, "leo nimeona umefuma mpaka umemaliza", usimkague kichwa kila asubuhi. Na mwalimu wa darasa aambiwe kwa faragha, hasa kama mtoto anataka kuvaa kofia au kitambaa, mana vinginevyo atavuliwa mbele ya wenzake mstarini.

Mwenza wako naye mwambie kabla hajagundua. Usitoe historia yote, mwambie una hali hii, ina jina, unaifanyia kazi, na unachotaka kwake ni kitu kimoja tu, mfano asiseme kitu hadharani au akushike mkono mkiwa mnaangalia TV. Watu wakipewa kazi ndogo inayoeleweka wanaifanya. Wakipewa tatizo zima wanatoa ushauri.

Kuombewa ni sawa, mimi mwenyewe sioni ubaya, ila usikubali kuambiwa uache daftari na hospitali kwa sababu umeombewa.

Kama unameza nywele, soma hapa

Nywele haziyeyuki tumboni. Zinajikusanya zinakuwa donge, na donge likikua linaweza kuziba tumbo au utumbo, na kulitoa mara nyingi ni upasuaji. Dalili ni maumivu ya tumbo yasiyoisha, kichefuchefu au kutapika, kushiba kwa tonge mbili, kupungua mwili, mdomo kunuka, choo kugoma. Kama unameza na una moja ya hizo usisubiri mwisho wa mwezi, nenda hospitali na useme wazi kwamba unameza nywele ili wajue wanatafuta nini. Mama, ukiona mtoto ana kipara na chini hakuna nywele, jiulize zinaenda wapi.

Daktari na dawa

Ukijaribu hatua hizi kwa miezi miwili mitatu na hali haisogei, au umeacha kutoka nje, au unawaza kufa, tafuta mtaalamu, na hilo la kuwaza kufa ni leo, sio baada ya miezi. Hospitali za rufaa za mkoa, Mount Meru kwa Arusha na Mawenzi kwa Moshi, ulizia afya ya akili, na KCMC pia. Watu wanaogopa hilo neno wanadhani safari inayofuata ni Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma. Hapana. Utakaa kwenye kiti, utaongea, utarudi nyumbani. Muulize kama anafanya tiba ya kubadilisha tabia, na hata kama kesi ya nywele hajawahi kuiona, mpelekee daftari lako, mtafanya hizo hatua pamoja, na kuwa na mtu wa kukufuatilia kunabadilisha mambo sana.

Dawa hamna hata moja iliyopitishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mahususi kwa hii hali, kwaio ukiuziwa "dawa ya kung'oa nywele" kimbia. Zile za sonona anazoandika daktari zinasaidia kama una sonona au wasiwasi pembeni, kwa kung'oa kwenyewe matokeo yake ni hafifu. Kuna klomipramini, dawa ya sonona ya zamani, inasaidia baadhi ila ina madhara yake, ni ya kusimamiwa. Na kuna N-asetilisisteini, dawa inayotumika pia kulainisha makohozi: utafiti wa Marekani wa 2009 ulifuatilia watu wazima 50 kwa wiki 12, wengine wakipewa miligramu 1200 mpaka 2400 kwa siku, na waliopewa dawa walipata nafuu zaidi ya waliopewa kidonge kisicho na kitu. Kwa watoto utafiti wa 2013 haukuona tofauti. Usijinunulie, hasa kama una pumu, una mimba au unatumia dawa zingine, muulize daktari kwanza.

Zikianza kurudi

Nywele kichwani zinakua kama sentimita moja kwa mwezi, zetu pungufu kidogo ya hapo, na uliyoing'oa inaweza kukaa wiki nyingi bila kuonekana kabisa, kwaio mwezi wa kwanza utaona hamna kitu na utakata tamaa bure. Nyusi na kope nazo ni miezi. Mahali pamepigwa miaka mingi nywele zinaweza kurudi nyeupe, nyembamba au za mkunjo mwingine, na vishimo vichache vinaweza visirudi kabisa.

Kipindi cha hatari kuliko vyote ni hiki cha vichipukizi. Vinachoma, vimesimama, ni vigumu, vina urefu ule ule ambao vidole vyako vilikuwa vinautafuta. Rudisha plasta na kofia hata kama ulishaziacha, paka mafuta ya nazi asubuhi na jioni vilale, funga kitambaa. Ukianguka wiki ya mitihani au ya msiba, fungua daftari, andika uko wapi na kiwiko kilikuwa wapi, rudi hatua ya 2. Picha ya utosi piga mara moja kwa mwezi, mtu mwingine akupigie, dirisha lile lile, saa ile ile, kisha weka simu pembeni, mana ukianza kujipiga kila siku mbele ya kioo utakuwa umerudi kupapasa.